Upasuaji wa kupunguza unene: Usijiwekee lengo lisilofikika

WATU wengi wanaoamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huingia hospitalini wakiwa na nambari moja tu akilini. Mmoja anataka kurejea kilo 58 alizokuwa nazo siku ya harusi yake. Mwingine anataka kutoshana na dadake mdogo. Wa tatu ameiangalia chati iliyobandikwa ukutani na kuona kwamba mtu wa urefu wake hafai kuzidi kilo 64. Mwaka mmoja na nusu baadaye, nambari hiyo ndiyo huwatoa baadhi yao machozi mbele ya mizani, ilhali kwa hesabu ya daktari upasuaji wao umefaulu vizuri.

Upasuaji huu si wa kila mtu aliyenenepa. Madaktari hutumia kipimo cha uzani kulingana na urefu: unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha unagawanya tena kwa urefu uo huo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25 uko sawa, likifika 30 una unene wa kupindukia. Kwa miaka mingi, kuanzia 1991, upasuaji ulipendekezwa kwa waliofika 40, au 35 ikiwa wana maradhi yanayoletwa na unene. Mwongozo mpya wa mwaka wa 2022 uliteremsha viwango hivyo hadi 35 kwa mtu yeyote, na 30 kwa wenye maradhi kama kisukari.

Njia mbili ndizo zinazotumiwa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa kiasi cha robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, sehemu ya juu ya tumbo hufanywa kifuko kidogo kisichozidi ukubwa wa yai na kuunganishwa na utumbo mdogo, ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Njia zote mbili hupunguza nafasi ya chakula na pia hubadilisha homoni zinazoleta njaa na shibe.

Sasa tufanye hesabu. Chukua mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzani wa kilo 120. Kipimo chake ni karibu 47. Ile chati ya ukutani humwambia awe na kilo 64, yaani apoteze kilo 56. Lakini mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hupoteza kwa wastani kati ya asilimia 25 na 30 ya uzani aliokuwa nao mwanzo. Kwa mwanamke huyu hizo ni kilo 30 hadi 36. Atateremka hadi kilo 84 au 90, na hapo mwili wake utatulia.

Tazama jambo hili kwa makini. Akiwa na kilo 84 kipimo chake kitakuwa karibu 33, na chati ile ile itaendelea kumwita mtu mwenye unene wa kupindukia. Madaktari wa upasuaji nao wamezoea kusema kwamba mgonjwa aliyepoteza nusu ya uzani wake wa ziada amefanikiwa, na kwake nusu hiyo ni kilo 28 tu. Kwa hivyo aliyejiwekea kilo 64 atajiona ameanguka mtihani ambao amepita kwa alama nzuri. Na mtu anayejiona ameanguka huacha kufuata masharti, au hujinyima chakula hadi akakosa nguvu.

Lengo, basi, lihesabiwe kutoka mahali unapoanzia. Ndiyo maana haifai kujilinganisha na jirani mliyefanyiwa upasuaji wiki moja. Aliyeanza na kilo 150 akipoteza asilimia 30 atabaki na kilo 105, na aliyeanza na 110 atabaki na 77. Umri, jinsia, kisukari, dawa unazotumia na uwezo wako wa kutembea pia huchangia.

Uzani wenyewe haushuki kama maji ya mfereji. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza kilo huanguka kwa kasi, halafu mwendo hupungua. Kuna majuma ambayo mizani haitasonga hata kidogo, pengine mwezi wa kwanza haujaisha, na wengi hudhani upasuaji umeharibika. Haujaharibika. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ule wa zamani, na hupigania kubakiza akiba yake. Wengi hufika uzani wao wa chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, kisha kilo kadhaa hurejea.

Hizo kilo zinazorejea zinafaa kuwekwa katika lengo tangu mwanzo. Uchunguzi uliowafuata zaidi ya watu 4,000 nchini Uswidi kuanzia mwaka wa 1987, ukiongozwa na Profesa Lars Sjöström, uliwapima waliofanyiwa upasuaji wa kile kifuko. Katika mwaka mmoja au miwili walikuwa wamepoteza asilimia 32 kwa wastani. Baada ya miaka 10 ilikuwa asilimia 25. Kwa mwanamke wetu wa kilo 120, huko ni kuteremka hadi karibu 82 na kurudi 90.

Matokeo ya uchunguzi huo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalikuwa na jambo kubwa kuliko kilo. Kati ya watu 2,010 waliopasuliwa kwa njia mbalimbali, 101 walikuwa wamefariki katika muda wa karibu miaka 11. Kati ya 2,037 ambao hawakupasuliwa, waliofariki walikuwa 129. Wengi wa hao walionufaika hawakuwahi kuwa wembamba.

Kwa hivyo, kabla ya kulazwa, chukua daftari uandike malengo ambayo si ya mizani. Sukari ya damu iwe kiwango gani? Tembe za shinikizo la damu zipungue kutoka ngapi hadi ngapi? Je, utaweza kupanda ngazi bila kutweta, kulala bila kukatika pumzi, kuchutama shambani, kuingia matatu bila kulipia viti viwili? Sukari hasa huweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla kilo hazijapungua sana, na daktari asipobadilisha dawa upesi inaweza kushuka kupita kiasi. Usiache tembe kwa hiari yako.

Sura nayo ina mambo yake. Ngozi iliyovutika kwa miaka 20 haitarudi kama mpira. Hulegea tumboni, mikononi na mapajani, na kuiondoa ni upasuaji mwingine wenye gharama yake. Hapa kwetu kuna na maneno ya watu. Mwili mkubwa bado huchukuliwa na wengi kuwa dalili ya maisha mema, na anayekonda ghafla huanza kunong'onezwa kwamba ana ukimwi. Shangazi atauliza, "Mwanangu, wanakulisha kweli huko?" Ni vyema mume au mke na watu wa nyumbani wawe wamejua mapema ni kilo ngapi zinatarajiwa kupotea. Pia wasimsukumie sahani ya wageni, maana atatapika.

Chakula kitakuwa kidogo, basi kiwe cha maana. Anza na protini: mayai, samaki, omena, maharagwe yaliyopikwa yakalainika, maziwa. Ugali na chapati vifuate ikiwa nafasi ipo. Soda na chai yenye sukari nyingi hupita kwa urahisi katika tumbo lolote, dogo au kubwa, na hapo ndipo kilo nyingi hurejea. Baada ya upasuaji wa kifuko, sukari inaweza kukutia jasho na mapigo ya moyo ya kasi, na pombe hulevya upesi kuliko zamani.

Wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Wapange uzazi mapema, kwa sababu anayepungua huweza kushika mimba kwa urahisi kuliko awali, na tembe za kupanga uzazi huenda zisifanye kazi vizuri baada ya upasuaji wa kifuko.

Vitamini na madini humezwa maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka kuangalia madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Anayeishi Lodwar au Garissa aliyepasuliwa Nairobi amuulize daktari wake, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ni vipimo gani anaweza kufanyiwa kwenye maabara ya karibu naye na majibu atayatuma vipi.