Kukosekana, Kukataliwa na Kutwaliwa: Kusoma Ujumbe wa Hitilafu za Huduma katika Linux

Makala haya yanafafanua jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu pale huduma ya chinichini inaposhindwa kuanza katika mfumo wa Linux. Huduma ya chinichini ni programu ifanyayo kazi bila kuonekana kwenye kioo cha tarakilishi, mathalani ile inayopanga foleni ya uchapishaji. Wataalamu wa MIT, Marekani, waliiita daemon mnamo 1963, wakifuata kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia James Clerk Maxwell. Kuitafsiri kama 'shetani' ni kupotosha. Maana iliyokusudiwa ni mtumishi asiyeonekana.

Katika matoleo mengi ya Linux, huduma hizi huanzishwa na systemd, programu iliyotolewa mwaka wa 2010. Kila huduma ina faili inayoieleza systemd mahali programu ilipo, mtumiaji atakayeiendesha na huduma zinazopaswa kutangulia.

Huduma inapogoma, watumiaji wengi husoma sentensi moja tu, kwamba imeshindwa kuanza, kisha wakaisakinisha upya. Sentensi hiyo hutaja matokeo, haitaji sababu. Amri ya systemctl status, ikifuatwa na jina la huduma, huonyesha hali yake. Journalctl -b -u, pamoja na jina lilo hilo, hutoa kumbukumbu zake tangu tarakilishi ilipowashwa. Kumbukumbu zisomwe kuanzia juu, kwa kuwa makosa ya baadaye aghalabu ni mwangwi wa lile la kwanza.

Hapo ndipo vitenzi hubeba uzito. Nambari ya hitilafu 203 huarifu kwamba programu haikuweza kuendeshwa, lakini maneno yanayoandamana nayo ndiyo huamua tiba. Ikiwa faili imekosekana, anwani yake isahihishwe. Ikiwa ruhusa imekataliwa, ruhusa za faili zichunguzwe. Tatizo la tatu ni mlango wa mawasiliano uliokwisha kutwaliwa. Apache na Nginx zikiagizwa zote kutumia mlango wa 80 katika tarakilishi moja, itakayotangulia huupata na ya pili hushindwa kuanza. Amri ya ss -ltnp, ikitolewa na msimamizi wa mfumo, humtaja aliyeushika. Faili ya huduma ikisharekebishwa, systemctl daemon-reload itangulie kuanzisha huduma upya. La sivyo, systemd itaendelea kufuata maelezo ya zamani.

Suala hili lawahusu wanaistilahi pia. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo ikifikishwa kwenye jumbe za hitilafu, mfasiri atakayeandika 'imeshindikana' kila mahali atakuwa amemficha mtumiaji njia ya kutokea. Kukosekana, kukataliwa na kutwaliwa ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake.