Motakaa Kuukuu Ilayo Oili

Jioni moja jirani yetu, mwalimu, alitujia uso umemshuka. Gari lake kuukuu lilikuwa likila oili, na fundi amemwambia ya kwamba hapana dawa ila kuifungua injini yote. Fedha aliyokuwa nayo ni ada ya shule ya watoto wake wawili. Tukamwambia, "Mwalimu, zuia kwanza fedha yako, tupime."

Kwanza yafaa kujua kama oili yaungua kweli au yavuja. Tulitandaza karatasi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi ilikuwa kavu. Basi tukajaza oili hata alama ya juu ya kijiti, tukaandika kilomita katika daftari. (Watu wengi husema, "Lala sana." Neno "sana" si kipimo.) Baada ya kilomita 1,000 ilipungua nusu lita.

Kisha tukatazama moshi. Moshi wa oili ni wa buluu. Mweusi watokana na petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma watokana na maji ya rejeta yaingiayo katika silinda. Nao wakati wake una maana. Ukitoka injini inapowashwa asubuhi, kisha ukatoweka, mara nyingi kosa ni sili za valvu: zikiwa ngumu kwa uzee, oili huchuruzika usiku hata ndani ya silinda. Ukizidi gari lipandapo mlima na mzigo, twashuku ringi za pistoni. Wala valvu ndogo ya kupumulia injini isisahauliwe. Bei yake ni ndogo, nayo ikiziba husukuma oili mahali isipotakiwa.

Fundi mwenye geji ya kompresheni hupima kila silinda, kisha hutia ndani oili kijiko kimoja na kupima tena. Geji ikipanda sana, ringi zimelika. Walakini kipimo hiki chaweza kudanganya, kwa kuwa ringi ya chini ipanguzayo oili ikigandwa na masizi, zile za juu hushika kompresheni vema, na oili yaungua vile vile. Ndivyo ilivyokuwa kwa injini ya Toyota iitwayo 2AZ-FE, iliyotiwa katika Camry za miaka 2007 hata 2009. Mwaka 2015 Toyota ilikubali, huko Marekani, kubadili pistoni na ringi za magari yaliyothibitika kula oili kupita kiasi, yaani karibu lita 1 kwa kilomita 1,900.

Gari la mwalimu lilitoa moshi asubuhi tu, na tena lilipokanyagwa mafuta baada ya mteremko mrefu. Kompresheni ilikuwa sawa katika silinda zote nne. Fundi mwingine alibadili sili za valvu kwa siku moja, bila kuishusha injini.

Ada ililipwa. Kijiti sasa hupimwa kila Jumamosi, na daftari lingalimo garini.