Nyumba ya Mkulima: Uangalifu Wake na Raha Yake

Maelezo kwa wakulima wadogo wa Ibighi na sehemu nyingine za Wilaya ya Rungwe

Mkulima akiulizwa mali yake ni nini, mara nyingi hutaja vitu vitokavyo nyumbani kwenda sokoni: ndizi, maparachichi, majani ya chai, viazi, maziwa. Ni kweli, vitu hivyo ni mali. Lakini iko mali ya pili ambayo haitajwi, nayo ni ile ibakiayo nyumbani: jivu la jikoni, samadi ya zizini, maji ya mvua yashukayo paani, kikombe cha maziwa cha mtoto, na moto wa jioni ambao watu wa nyumba huuzunguka. Mali hii haipimwi kwenye mizani ya mnunuzi, na kwa sababu hiyo wengi huidharau. Maelezo haya yahusu mali hiyo ya pili, jinsi ya kuitunza na jinsi ya kuifurahia.

Kwa nini jambo hili ni kubwa

Ibighi ni jirani wa mji wa Tukuyu. Ujirani huo una faida, maana soko li karibu; una hasara pia, maana maduka nayo ni karibu, na shilingi iliyopatikana asubuhi yaweza kutoka mfukoni kabla ya jua kuchwa. Tena mashamba yetu yamekuwa madogo, kwa kuwa baba hugawia wanawe, nao hugawia wana wao, na ardhi haiongezeki.

Jambo jingine ni hili: fedha ya mkulima huja kwa majira, lakini mahitaji yake hayana majira. Kahawa na maparachichi huleta fedha wakati wa mavuno tu, hali chumvi na sabuni hutakiwa kila juma, na mwezi wa Januari shule hufunguliwa, mavuno yamekwisha au hayajaja. Hapo ndipo mtu hulazimika kukopa, au kuuza matunda yakiwa bado machanga mtini, kwa bei atakayo mwenye fedha. Parachichi lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi vizuri. Hunyauka, na mnunuzi mwema hulikataa. Basi aliyeuza hivyo amepoteza mara mbili: amepoteza bei na amepoteza jina. Nyumba yenye uangalifu haifikishwi hapo upesi.

Sifa ya zamani

Uangalifu si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1879 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, akausifu uzuri wa vijiji vya Wanyakyusa na usafi wa viwanja chini ya migomba. Baadaye, kati ya mwaka 1934 na 1938, wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya uchunguzi wa maisha ya watu wa Rungwe. Monica Wilson alipotoa kitabu chake mwaka 1951 aliandika sana juu ya neno moja la Kinyakyusa, ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula nao na kuzungumza nao kwa adabu na uchangamfu.

Wageni hao hawakusifu utajiri wa fedha. Walisifu kiwanja kilichofagiliwa na mazungumzo mema. Vitu hivyo viwili vyaweza kupatikana leo hata katika nyumba ndogo kabisa.

Kitu kimoja kifanye kazi mbili

Kanuni ya kwanza ya uangalifu ni kwamba kitu kisitupwe kabla hakijafanya kazi ya pili. Maganda ya ndizi ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe hutoa samadi. Samadi hurudi kwenye mgomba. Mgomba hutoa ndizi. Duara hili likikatwa mahali pamoja, mkulima hulazimika kununua kile ambacho nyumba yake ingempa bure.

Samadi. Mvua yetu ni nyingi, hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo ndiyo mwizi wa samadi. Lundo lililoachwa wazi huoshwa. Maji meusi yatiririkayo kutoka humo ndiyo nguvu yenyewe iendayo mtoni. Basi lifunike lundo kwa majani ya migomba, au liwekee kibanda kidogo, na kuligeuza kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa limeoza, nalo lafaa kwa migomba, kahawa na mboga.

Jivu. Jivu lina chumvichumvi ipendwayo sana na migomba, tena hupunguza ukali wa udongo uliooshwa na mvua nyingi. Lakini yataka maarifa. Lihifadhiwe katika debe lenye kifuniko, maana jivu lililonyeshewa limekwisha nguvu. Linyunyizwe kuzunguka shina la mgomba, konzi mbili au tatu, lisirundikwe pamoja. Lisitiwe kwenye chai, kwa kuwa chai hupenda udongo mkali. Wala kwenye shamba la viazi mviringo, kwa kuwa huzidisha ugonjwa wa ukurutu wa ngozi ya viazi. Wala lisichanganywe na samadi mbichi, maana huifukuza hewani ile nguvu iletayo ukijani, na harufu kali utakayoisikia ndiyo dalili ya hasara.

Maji ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukua paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6: ni mita za mraba 48. Katika mwaka wenye mvua ya milimita 2,000 hupokea lita 96,000. Hata kama robo yapotea, zabaki lita 72,000, yaani ndoo 3,600 za lita ishirini. Hakuna awezaye kuyaweka yote, lakini mwenye mfereji wa bati na pipa moja tu hujipatia sehemu yake kila mvua inyeshapo, na kila ndoo ya pipani ni ndoo ambayo mama au binti hakuipandisha mlimani kwa kichwa. Mvua ianzapo baada ya kiangazi, maji ya kwanza yaachwe yapite kwanza ili yaoshe paa. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Jikoni

Kuni za nchi yetu huloa kwa urahisi, na kuni mbichi hula fedha na macho ya mpishi pamoja. Kuni zipasuliwe ndogo, zipangwe chini ya upenu wiki nyingi kabla ya kutumiwa.

Maharage yalowekwe usiku. Asubuhi yamwagwe maji yale, yatiwe mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 zisizopungua, maana maharage yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo. Kisha sufuria, ikiwa na kifuniko chake na ingali moto sana, iwekwe katika kikapu kikubwa kilichotandikwa majani makavu ya mgomba, unene wa shibiri moja chini na pande zote, na juu yake mto wa majani hayo hayo uliofungwa katika kitambaa. Mama aweza kwenda shambani. Joto lililomo halipati njia ya kutoka, nalo huendelea kupika bila kuni. Arudipo saa tatu au nne baadaye, ayachemshe tena kidogo, ayatie katika mbalaga, na chakula ki tayari.

Kitalu cha mboga kiwe karibu na jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga na nafaka hufika. Ikiwa nyumba hununua mboga ya shilingi 500 kila siku, kwa mwaka mmoja imetoa shilingi 182,500. Matuta matatu ya mchicha, figiri na sukuma wiki, yakipandwa kwa zamu, huizuia fedha hiyo isitoke.

Mambo ambayo si uangalifu

Yatupasa kutenganisha uangalifu na ubahili. Mwangalifu huzuia kitu kisipotee; bahili huzuia kitu kisitumike, hata pale penye haja. Mambo manne yafuatayo yasibaniwe kamwe.

Kwanza, maziwa ya watoto. Tuseme ng'ombe, baada ya ndama wake kupata haki yake, atoa lita 8 kwa siku, na nyumba ina watoto wanne. Lita 1 huwapa kila mtoto kikombe cha robo lita, na lita 7 huenda kuuzwa. Anayeuza zote nane amepata sehemu moja ya saba zaidi, lakini anafuga ng'ombe wa kuwanenepesha watoto wa wengine. Maziwa hayo yachemshwe hata yafurike, kwa kuwa maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo huwapata watu pia. Atakaye mtindi aweza kuyagandisha baada ya kuyachemsha.

Pili, mahindi yaliyoota ukungu. Mtu husema, “Ni dhambi kutupa chakula,” akayachambua kidogo akayasaga. Ukungu ule waweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, nayo huharibu ini. Uangalifu wa kweli ulitakiwa mapema, wakati wa kukausha: mahindi yakaushwe juu ya turubai au kichanja, yasilale juu ya udongo, wala yasifungwe gunia kabla punje haijawa ngumu chini ya jino.

Tatu, sabuni. Kipande cha sabuni ni bei ndogo kuliko safari moja ya kwenda hospitali.

Nne, mbegu. Viazi vidogo vilivyobaki baada ya kuuza vikubwa vyote mara nyingi vimetoka katika mashina yenye ugonjwa. Mbegu ichaguliwe shambani, mashina yakingali mabichi, kwa kutia alama yale yaliyo mazima na yenye nguvu.

Fedha ya mavuno

Siku fedha ifikapo nyumbani, mume na mke wakae pamoja kabla ya kwenda dukani, nao waigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la madeni na la kazi ya shamba ya mwaka ujao. Fungu la pili ni la shule na matibabu, nalo liwekwe katika benki au chama cha kuweka na kukopa, mahali ambapo mkono haulifikii kwa urahisi. Fungu la tatu ni la matumizi na furaha.

Watu wengine hulicheka fungu la tatu, wakidhani mwangalifu hapaswi kufurahi. Lakini furaha isiyotengewa fungu lake itaiba katika mafungu mengine. Nyumba iliyokwisha kukubaliana kwamba kiasi fulani ni cha nyama ya sikukuu na kitenge cha mama itakula nyama hiyo bila hofu, na Januari itaikuta na daftari za watoto. Hesabu zote ziandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Raha za nyumbani

Sasa tuzitaje raha zenyewe, maana uangalifu usioleta raha watu huuacha upesi.

Wengi wetu hulima kahawa, lakini ni wachache wanaoinywa. Chukua kahawa kiasi cha bakuli, iliyoiva nyekundu. Imenye, iache ichache usiku mmoja au zaidi hata utelezi utoke, ioshe, ianike siku nyingi hata ikauke kabisa. Itwange polepole kuondoa ganda lake, uipepete, kisha uikaange katika kikaango kikavu, ukiikoroga daima, mpaka iwe na rangi ya hudhurungi iliyokolea. Harufu yake huwaita majirani bila mjumbe.

Miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi, maji ya moto ya kuoga baada ya kazi ni raha kubwa. Sufuria ya maji ikiwekwa motoni mara chakula kiepuliwapo, makaa yaliyobaki huyapasha bila kuongeza kuni. Kiwanja kilichofagiliwa, na mstari wa maua kando ya njia, humpa mwenye nyumba heshima machoni pa wapitao na machoni pake mwenyewe.

Na juu ya hayo yote iko jioni. Chakula kikiisha kuliwa, wazee wasimulie mambo ya zamani, watoto wasome kwa sauti waliyojifunza shuleni, na jirani afikaye apewe kiti na kikombe. Hii ndiyo ukwangala. Nyumba yenye jioni ya namna hiyo haiwapotezei vijana wake fedha nyingi vilabuni, na mtoto atakayekwenda mbali kutafuta kazi atajua ni kitu gani alichokiacha.

Kwa ufupi

1. Funika samadi, weka jivu pakavu, lisitiwe kwenye chai wala viazi.
2. Kinga maji ya paa.
3. Loweka maharage, yachemshe vema, kisha tumia kikapu.
4. Panda mboga karibu na jiko.
5. Usiwabanie watoto maziwa. Usile mahindi yenye ukungu.
6. Gawa fedha mafungu matatu siku ile ile, mume na mke pamoja.
7. Usiuze matunda machanga mtini.
8. Tenga wakati wa jioni kwa ajili ya watu wako.

Mkulima asianze yote kwa siku moja. Aanze na debe la jivu na kikombe cha maziwa cha mtoto, maana hivyo havihitaji hata senti. Mwezi ujao aongeze jambo la tatu. Haba na haba hujaza kibaba.