Jina la unif kwenye dosie: linafungua nini, linaishia wapi

Kila mara matokeo ya mwisho wa mwaka yanapotoka, wadogo zetu wananiuliza swali moja: "Yaya, diploma ya unif yetu, bataipokea kweli ku mamine?" Nitajibu bila kuficha.

Jina linahesabu. Mimi nilisoma elektromekanika kwenye unif ndogo ya binafsi hapa Lubumbashi. Nilipopeleka dosie kwenye kampuni moja huko Kolwezi, mama wa mapokezi aliangalia tu mustari wa shule, akaiweka kwenye rundo la kushoto. Nikamuuliza sababu. "Papa, miye sijue. Shefu alisema UNILU na Polytechnique ya Kinshasa kuume, zingine zote kushoto." Wa kushoto hatukuitwa hata mmoja.

Nilikasirika siku nyingi. Kisha miaka tano, mukubwa wangu wa kazi akanipa dosie 140 nichambue kwa nafasi mbili tu, jibu likitakiwa kesho yake asubuhi. Saa nne ya usiku umeme umekatika, niko na tochi ya simu, na mimi pia nikaanza kuangalia mustari wa shule. Haya ndiyo nilikuwa nalaumu!

Mwanauchumi Michael Spence alieleza jambo hili mwaka 1973, na mwaka 2001 akapata tuzo ya Nobel. Mwenye kuajiri haoni uwezo ulio ndani yako, kwa hiyo anatafuta ishara. Diploma ni ishara, na jina la shule ni ishara juu ya ishara. Kwetu ishara hiyo imefuata umri wa shule. Lovanium ilianza Kinshasa mwaka 1954, unif ya Elisabethville ikafungua milango mwaka 1956, ya Kisangani mwaka 1963. Mobutu akaziunganisha mwaka 1971 kuwa UNAZA, halafu mwaka 1981 zikatengana tena. Wakubwa wengi wanaosaini mikataba leo walipita humo, wanajua maprofesa, wanajua ugumu wa mitihani. Unif nyingi za binafsi zilikuja nyuma. Kwa mukubwa kama huyo, jina la unif yako halisemi mabaya. Halisemi kitu.

Lakini je, jina ndilo linatengeneza mfanyakazi? Huko Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger walitoa utafiti mwaka 2002. Walilinganisha wanafunzi waliokubaliwa na shule kubwa zilezile, wengine wakaingia, wengine wakaamua kusoma kwenye shule zenye jina dogo. Miaka ikapita, mishahara yao ikawa karibu sawa. Waliofaidika wazi na shule kubwa ni watoto wa familia maskini.

Mimi hiyo hainishangazi. Mutoto wa mukubwa anapigiwa simu na wajomba hata kabla ya kutetea memwari. Mutoto wa mama muuza mikate hana wa kumusemea, jina la unif njo mjomba wake. Ndiyo maana mwenye unif isiyojulikana na asiye na mutu anapigwa mara mbili, na ni yeye anapaswa kutafuta ishara nyingine mapema, angali mwanafunzi: staji ya kweli, si ile ya kupiga muhuri tu, na mutu wa atelie ambaye anaweza kupigiwa simu.

Usiku ule nilikuta dosie ya dada mumoja kutoka shule ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Alikuwa ameongeza ukurasa mumoja: pampu gani ilikuwa inaharibika kwenye staji yake, ilisimama siku ngapi kwa mwezi, yeye alibadilisha nini, na namba ya shefu wa atelie. Asubuhi nikapiga. "Huyo? Mumuchukue mbele siye tumurudishe." Kwenye testi alikuwa wa pili, akapata nafasi.

Niliuona ukurasa ule kwa sababu ulianguka chini nilipokuwa nahamisha dosie kushoto. Zingine za rundo lile, tisini na kitu, sikuzifungua vizuri. Saa ya kutoa jibu ilikuwa imefika.