Kanisa Lenye Siha, Chini ya Kilima cha Tumutumu

Mtu akihamia mahali pageni huuliza kwanza soko liko wapi, kisha tabibu, kisha, ikiwa ni Mkristo, kanisa. Lakini mimi nilipostaafu ualimu na kuja kukaa Mathira, katika Kaunti ya Nyeri, swali hilo la tatu nililitanguliza, kwa kuwa nilitoka katika kanisa kubwa la mjini, zuri la kutazamwa, lenye vinanda na vipaza sauti, ambamo niliabudu miaka minne pasi na mzee hata mmoja kulijua jina langu. Nilipougua nikalala majuma sita, hakuna aliyebisha hodi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza siha ya kanisa hujulikana kwa nini.

Kanisa langu ni la Kipresbiteri, lile ambalo watu wote hapa huliita PCEA, na jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzee. Asili yake, basi, ni baraza: wazee waliochaguliwa na washirika huketi pamoja na mchungaji na kulipima kila shauri, na juu ya kikao chao iko presbiteri, na juu ya presbiteri uko Mkutano Mkuu. Hata Moderata, aliye mbele ya wote, hushika kazi hiyo kwa muda tu. Na Mwafrika wa kwanza kuishika, mwaka 1961, alikuwa mtu wa Nyeri, Mchungaji Charles Muhoro Kareri. Waskoti walioleta utaratibu huu, ambao walihama Kibwezi wakapanda hadi Thogoto mwaka 1898, na kufikia 1908 wakawa wameanza kazi Tumutumu, hawakuwakuta watu wasiojua baraza ni nini, maana Wagikuyu tangu kale walikata mashauri yao mbele ya kiama, yaani baraza lao la wazee, na mzee aliyesema peke yake hakusikilizwa sana.

Wageni hao walikuja pia na kipimo. Katika Ungamo la Imani waliloliandika babu zao mwaka 1560, John Knox akiwa miongoni mwa waandishi wake, waliweka alama tatu za kanisa la kweli: Neno la Mungu kuhubiriwa kwa usahihi, sakramenti kutolewa ipasavyo, na nidhamu kutunzwa kwa uadilifu. Mbili za kwanza hakuna azibishiaye. Ya tatu ndiyo iwatiayo watu hofu, kwani aghalabu neno nidhamu likitajwa, msikiaji huona fimbo.

Na hofu hiyo ina sababu katika nchi hii. Mwaka 1929, katika mzozo wa tohara ya wasichana, washirika walitakiwa waikane mila hiyo kwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba, nayo alama hiyo, kirore, ikageuka kuwa jina la waliotii. Maelfu waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe, na nyimbo za upinzani za Muthirigu zikavuma hata serikali ikazipiga marufuku. Mimi naamini kwamba katika jambo lenyewe wamisheni walikuwa na haki, kwa maana mwili wa msichana haustahili jeraha lile. Ila naamini vilevile kwamba nidhamu ikifika kwa karatasi kabla ya kufika kwa mazungumzo ya barazani, huwatawanya hata wale ambao wangaliweza kushawishika.

Nidhamu ya namna nyingine niliijua hapa, katika kanisa dogo la mawe ambalo kilima cha Tumutumu huonekana kutoka mlangoni pake. Zilikuwa mvua za Aprili, barabara yote tope, nami kwa uvivu, si kwa ugonjwa, nilikosa ibada Jumapili mbili. Jumatano jioni akaja mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mkulima wa kahawa, viatu vyake amevivua mlangoni kwa ajili ya matope, akasema, “Mwalimu, Jumapili mbili hatukukuona, nimekuja kukujulia hali.” Nikamkaribisha chai. Hakunikemea, wala hakuuliza habari ya sadaka; aliuliza kama nalala vizuri, kama wanangu wananipigia simu, kisha akaomba, akaenda zake gizani. Niliona haya kuliko ambavyo ningaliona kwa kukemewa, na Jumapili iliyofuata nilikuwa kitini kabla ya kengele.

Habari ya sadaka, kwa kuwa nimeigusa, siwezi kuipita. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa kanisa hili, aliwashangaza wengi alipoyataka makanisa ya ng’ambo yasitishe kwa muda kutuma wamisheni na fedha, ili Waafrika wasimame kwa miguu yao. Na neno Jitegemea likawa kama bendera ya PCEA. Naliheshimu sana neno hilo, na ndiyo sababu nahuzunika nionapo, katika makanisa ya madhehebu mbalimbali, mwanasiasa akipewa mimbari kwa ajili ya bahasha aliyokuja nayo. Kanisa lililokataa kulishwa na Waskoti haliwezi kukubali kulishwa na mgombea kiti bila kuipoteza sauti yake mbele ya mgombea huyo.

Lakini nirudi kwa yule mzee aliyenijulia hali: siku ya Meza ya Bwana, yule mkulima wa kahawa ndiye aliyenipitishia mkate, na aliponitazama nilijua kwamba ananijua.

Nawe, ndugu msomaji, uliyehamia Karatina, Nanyuki au Nyeri mjini na hujapata pa kuabudu, usianze kwa kuuliza kwaya ipi ni nzuri. Uliza mzee wa mtaa wako ni nani, mpe jina lako na mahali unapokaa, kisha ungoje uone kama atabisha hodi.