Super VC10 Ndani ya Boksi: Fizikia ya Ndege Iliyopunguzwa Mara 144

Seti ya ndege ya plastiki, yaani boksi lenye vipande ambavyo mnunuzi huvikata, huvigundisha na kuvipaka rangi mpaka vifanane na ndege halisi, hupimwa na wazoefu wa kazi hiyo kabla gundi haijafunguliwa, kwa kutazama tu vipande vikiwa bado kwenye fremu zake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano mzuri ni Super VC10, ndege ya abiria iliyoundwa na kampuni ya Vickers ya Uingereza, ambayo East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza kuirusha mwaka 1966. Ndege hiyo imetolewa kwa plastiki katika skeli ya 1/144, maana yake kila milimita moja ya kipande inasimama badala ya milimita 144 za ndege yenyewe, hivyo urefu wa mita 52.3 hushuka hadi sentimita 36 na ushei, na upana wa mabawa, ambao ni mita 44.5, huwa takriban sentimita 31.

Plastiki inayotumika ni polistireni, ambayo ikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi hulainika na kuwa uji mzito, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili zinazofungana, na mifereji inayoupitisha uji huo ndiyo hugeuka kuwa fremu inayovishika vipande. Alama karibu zote anazozikuta mnunuzi zimetokana na safari hiyo fupi. Uzi mwembamba unaokizunguka kipande ni mahali nusu za kalibu zilipokutana, na kalibu iliyochakaa huacha hapo utando wa plastiki unaohitaji kukwanguliwa kwa kisu. Viduara vidogo ni nyayo za pini zinazokisukuma kipande nje kikishapoa. Haviepukiki, ila mtengenezaji makini huvielekeza upande wa ndani, ambako havitaonekana tena ndege ikishafungwa. Vibonyeo hutokea palipo na plastiki nene, kwa kuwa ngozi ya nje huganda kwanza ilhali kiini kinaendelea kupoa na kusinyaa, na kinaposinyaa huivuta ngozi hiyo ndani. Hata utelezi unaosikika vidoleni una sababu yake, kwani kalibu huweza kupakwa dawa ya kuzuia kunata, kama kikaangio cha vitumbua kinavyopakwa mafuta, na vipande visipooshwa kwa maji na sabuni rangi haitashika.

Mistari ya mabati, yaani maungio ya karatasi za alumini zilizolivika bodi la ndege, huonyesha umri wa kalibu kwa namna isiyotarajiwa. Katika seti nyingi za miaka ya 1950 na 1960 mistari hiyo imeinuka, kwa sababu mfereji uliochongwa kwenye chuma hutoa tuta kwenye plastiki, na kuchonga mfereji ni kazi rahisi. Kupata mstari uliozama kunadai tuta jembamba la chuma liachwe limesimama huku eneo lote linalolizunguka likiondolewa, kazi ambayo ilizoeleka zaidi baada ya kuja kwa mashine za kukata chuma kwa cheche za umeme na kwa kuongozwa na kompyuta. Wanunuzi wengi husifu mistari iliyozama kana kwamba ndiyo kipimo cha ukweli, jambo linalohitaji tahadhari. Mstari wenye upana wa milimita 0.2 ukizidishwa mara 144 ni ufa wa karibu sentimita 3, na hakuna abiria ambaye angekubali kupanda ndege yenye nyufa za aina hiyo. Ukuta wa plastiki wenye unene wa milimita 1 nao ungekuwa sawa na zaidi ya sentimita 14, ilhali bati halisi la ndege lina milimita chache tu. Kwa hiyo kila seti, hata iliyo bora, ni maafikiano kati ya umbo na malighafi iliyotumika.

Linaloweza kudaiwa bila huruma ni umbo. VC10 ilibuniwa kwa viwanja vyenye joto na vilivyo juu, na Nairobi, ambako uwanja wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, ulikuwa miongoni mwao. Ndiyo sababu injini zote nne za Rolls-Royce Conway ziliwekwa mkiani, ili bawa lote libaki huru kubeba vibao vya kuongeza nguvu ya kuinua ndege, na bawa hilo safi ndilo la kukaguliwa kwanza. Baada ya hapo jicho liende ubavu wa kushoto, karibu na pua: ndege za East African Airways zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ambao Super VC10 za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, hazikuwa nao, hivyo bodi lisilo na mchoro wa mlango huo ni la BOAC, hata kama stika zilizomo zina namba za usajili zinazoanza kwa 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania na 5Y ya Kenya.

Tatizo la mwisho halionekani kwa macho. Skeli hupunguza urefu mara 144, lakini uzito hufuata ujazo, nao hupungua mara 144 kwa 144 kwa 144, kiasi kwamba tani 152 za ndege iliyojaa hubaki takriban gramu 51. Uzito huo wa kinadharia, hata ukifikiwa, hautagawanyika kama katika ndege halisi, kwa kuwa plastiki ina unene unaokaribiana kila mahali, pua ni tupu, na nyuma kumerundikana maganda ya injini na mkia mrefu. Kitovu cha uzito huangukia nyuma ya magurudumu makuu, na ndege hukalia mkia. Dawa yake ni kutia uzito puani kabla nusu mbili za bodi hazijaunganishwa, na chubwi za wavuvi, zilizotengenezwa kwa risasi, hutosha. Zisishikizwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hutoa mvuke wa asidi ya siki: ndani ya nafasi iliyofungwa asidi hiyo huila risasi polepole na kuigeuza unga mweupe unaovimba, na miaka kadhaa baadaye pua hupasuka. Gundi ya epoksi haina madhara hayo, na vipande vya chuma badala ya risasi huondoa hatari yenyewe.