NYOTA YENYE MKIA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Tangu zamani, watu wa nchi nyingi walipoona nyota yenye mkia waliingiwa na hofu. Wengine walisema ni dalili ya vita, wengine njaa, wengine kifo cha mfalme. Nia yangu ni kuwaeleza wasomaji kitu hiki ni nini, hutoka wapi, na kwa nini hakina haja ya kuogopwa.

Kwanza, si nyota hata kidogo. Nyota hutoa nuru yake yenyewe kama jua letu, lakini hiki ni bonge la barafu, vumbi na mawe. Mabonge haya yalifanyika yapata miaka 4,600,000,000 iliyopita, wakati sayari zilipokuwa zikifanyika. Mwashi akimaliza nyumba, vipande vya matofali hubaki uwanjani. Nayo ndiyo mabaki ya ujenzi ule. Mengi yako ng'ambo ya sayari ya Neptuni, penye baridi kali, na mengine mbali zaidi tena.

Mara chache bonge moja huvutwa na nyota ipitayo au na sayari kubwa, likaiacha njia yake na kuelekea kwenye jua. Likikaribia, joto hugeuza barafu yake kuwa mvuke, nao hutoka pamoja na vumbi. Nuru ya jua, na chembe ndogo zitokazo katika jua kama upepo, huvisukuma vitu hivyo vikawa mkia wenye urefu wa mamilioni ya kilometa. Kwa hiyo mkia daima huelekea upande usio wa jua. Bonge linapoondoka kwenye jua, mkia hutangulia na kichwa hufuata!

Aliyetuondolea hofu ni Mwingereza, Edmond Halley. Mwaka 1705 alieleza kwamba nyota zenye mkia zilizoonekana miaka ya 1531, 1607 na 1682 zilifuata njia moja. Basi akasema ni ile ile moja, nayo itarudi mwaka 1758. Halley alikufa mwaka 1742. Lakini usiku wa Krismasi, mwaka 1758, mkulima mmoja wa Ujerumani aliyependa elimu ya nyota, Johann Palitzsch, aliiona. Hesabu ya marehemu ilikuwa kweli.

Njia yake si duara kamili, bali imerefuka sana. Karibu na jua hukimbia kilometa 54 hivi kwa sekunde. Ikiwa mbali hujikokota, haifikishi hata kilometa moja. Ndiyo maana huchukua miaka 76 hivi kuzunguka mara moja.

Hata hivyo hofu haikwisha upesi. Mwaka 1910 ilisemekana kuwa dunia itapita katika mkia wake wenye hewa ya sumu, na huko Ulaya na Marekani wajanja waliuza vidonge vya kinga. Hakudhurika mtu kwa mkia huo, maana hewa yake ni nyembamba mno.

Ilionekana tena mwaka 1986. Mwezi wa Desemba 2023 ilifika mwisho wa safari yake, ikageuka, na sasa iko njiani kurudi. Itafika karibu na jua mwaka 2061. Sisi wa Kidato cha IV tutakuwa tumepita miaka hamsini. Tukijaliwa uzima, tuwatoe wajukuu wetu nje waitazame, na atakayesema ni dalili ya balaa tumwonyeshe hesabu.